Je, Wajua? Rovu Lililobadilika Halisubiri

Je, wajua kwamba tezi ya thairoidi, ile inayokaa mbele ya shingo chini kidogo ya kikoromeo, kwa mtu mzima ina uzito wa gramu 15 hadi 25 tu? Ina pande mbili zilizounganishwa na ukanda mwembamba katikati. Kwa homoni zake huamua moyo upige kwa kasi gani, mwili utoe joto kiasi gani na ubongo wa mtoto ukue vipi. Homoni hizo ni mbili na zote hutengenezwa kwa iodini: moja ina atomu nne, nyingine tatu.

Je, wajua kwamba saratani ya tezi hii si ugonjwa mmoja? Zipo aina nne kuu. Papilari ndiyo ya kawaida, visa 8 au zaidi katika kila 10, na zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa wake huwa hai miaka 10 baada ya kugunduliwa. Folikula hufuata. Medula hutokana na seli za aina nyingine kabisa zilizomo ndani ya tezi hiyo hiyo. Ya nne ni anaplastiki. Hii huwapata wagonjwa 1 au 2 tu katika kila 100, lakini ni miongoni mwa saratani kali kuliko zote zinazompata binadamu. Kabla ya dawa za miaka ya karibuni, nusu ya walioipata walikuwa wameshafariki kufikia mwezi wa tano hivi.

Je, wajua kwamba mwaka 2022 watu wapatao 821,000 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya thairoidi, na wapatao 47,500 wakafariki kwa ugonjwa huo? Wanawake ni kama mara tatu ya wanaume. Kwa kuwa vifo ni vichache kuliko visa, watu hufarijiana kwa kusema hii ni kansa nyepesi. Kwa papilari maneno hayo yana ukweli. Kwa anaplastiki yanaua, kwa sababu humfanya mtu akae nyumbani.

Je, wajua kwamba anaplastiki haina hatua ya kwanza, ya pili wala ya tatu? Hata ikikutwa bado imo ndani ya tezi, huandikwa 4A. Ikivuka mipaka ya tezi au ikishika vifundo vya shingo ni 4B. Ikifika mapafuni, kwenye mifupa au kwenye ubongo ni 4C.

Je, wajua kwamba mara nyingi huzuka ndani ya rovu la zamani, au ndani ya saratani nyepesi iliyokaa miaka bila kujulikana? Mgonjwa wa kawaida amepita miaka 60, na mara nyingi ni mwanamke. Shingo yake ilivimba zamani, haikumuuma, na jamaa wakazoea kuiona. Kisha katika wiki chache mambo hugeuka. Mtandio uliokuwa ukimkaa vizuri unambana. Sauti inakwaruza. Anjera haipiti mpaka aisukume kwa maji, na chai inampalia. Usiku hawezi kulala chali, analala ameegemea ukuta, na anapovuta pumzi inasikika mpaka chumba cha pili. Uvimbe wa namna hii unaweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki. Wengi hawalijui hili, na ndilo ambalo ningependa lijulikane kuliko mengine yote katika ukurasa huu: rovu lililotulia linaweza kusubiri miadi, rovu lililobadilika ghafla ni dharura ya siku hiyo hiyo.

Je, wajua kwamba marovu mengi mno hayana saratani? Zaidi ya asilimia 90 ya vinundu vya thairoidi ni salama. Usimtie bibi yako hofu kwa sababu tu ana shingo nene. Muulize jambo moja: imebadilika tangu mfungo uliopita?

Je, wajua unavyoweza kuitazama shingo nyumbani? Simama mbele ya kioo, inua kidevu kidogo, kunywa funda la maji. Uvimbe wa thairoidi hupanda na kushuka unapomeza, kwa kuwa tezi imeshikamana na njia ya hewa. Uvimbe uliokuwa ukipanda na sasa umeganda mahali pamoja ni dalili mbaya. Kwa mama anayejisitiri shingo muda wote, jicho la kwanza kuona ni la binti yake au dada yake, wanapooshana nywele au wanapovaa. Basi jicho hilo liseme, lisinyamaze kwa haya.

Je, wajua kwamba vifundo vya pembeni mwa shingo mara nyingi hudhaniwa kuwa TB, na mara nyingi ni TB kweli? Lakini papilari nayo hupenda kuhamia kwenye vifundo hivyo hivyo. Mgonjwa aliyemeza dawa za TB kwa miezi na kifundo hakipungui anastahili kudungwa sindano ya kuchukua seli, si kuongezewa miezi mingine ya vidonge.

Je, wajua kwamba kutoka Ethiopia hadi kusini mwa Afrika upo ukanda ambako saratani ya umio, njia ya chakula, imeenea kuliko sehemu nyingi za dunia, na Kenya imo ndani yake? Ndiyo maana Garissa, Wajir au Mandera, mtu akisema chakula hakipiti, fikra ya kwanza huwa umio. Ni fikra sahihi. Lakini kabla ya kamera kuingizwa kooni, mkono upitishwe shingoni kwanza. Tezi iliyovimba hubana njia hiyo kutoka nje.

Je, wajua kwamba kuchoma ngozi kwa chuma cha moto, tiba ya zamani ya wafugaji kwa maradhi ya watu na ya ngamia, hakuifikii tezi? Huacha kidonda juu ya ngozi ile ile ambayo daktari atahitaji kuipasua, na hula wiki ambazo mgonjwa hana.

Je, wajua kwamba katika saratani nyingi za thairoidi mkasa huanza kwa kosa moja dogo katika chembe za urithi? Jeni iitwayo BRAF hutengeneza protini inayoiruhusu seli kugawanyika. Kwa kawaida ruhusa hutolewa, kisha hufungwa. Katika badiliko liitwalo V600E, kiungo cha 600 katika mnyororo wa protini hiyo kimebadilishwa: valini imetoka, asidi ya glutamiki imeingia. Tangu hapo protini hiyo hufanya kazi usiku na mchana, kama bomba la kisima ambalo koki yake imevunjika. Badiliko hili limo katika nusu au zaidi ya saratani za papilari. Katika anaplastiki hupatikana kati ya asilimia 25 na 50, kutegemea utafiti.

Je, wajua kwamba BRAF peke yake haitoshi kuleta anaplastiki? Papilari yenye badiliko hilo inaweza kukaa kimya miaka mingi. Ukali huja makosa mengine yanapoongezeka juu yake. Jeni ya TERT ikibadilika, seli hupata uwezo wa kugawanyika bila kuchoka. Jeni ya TP53, ambayo kazi yake ni kuzuia seli zilizoharibika zisiendelee kuzaana, ikivunjika, hakuna tena wa kuzisimamisha. Seli hizo hupoteza kila sifa ya thairoidi: hazitengenezi homoni, hazinyonyi iodini, na chini ya hadubini ni vigumu hata kutambua zilitoka kiungo gani. Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba sehemu kubwa ya uvimbe wenyewe, wakati mwingine karibu nusu, ni seli za kinga za mwili zilizovutwa humo na kugeuzwa kuusaidia ukue.

Je, wajua kwamba tiba ya iodini yenye mionzi ilianza kabla Kenya haijapata uhuru? Daktari Saul Hertz aliitumia kwa mgonjwa wa thairoidi huko Boston, Marekani, mwaka 1941, na kufikia 1946 Samuel Seidlin na wenzake walichapisha habari za kuitumia kwa saratani iliyosambaa. Hekima yake ni rahisi. Thairoidi huinyonya iodini kuliko kiungo kingine chochote, basi mgonjwa humezeshwa iodini 131, nayo huenda moja kwa moja kwenye seli za papilari au folikula popote zilipojificha na kuziunguza kutoka ndani. Nusu ya nguvu zake hupotea kila baada ya siku 8.

Je, wajua kwamba tiba hiyo haifai kitu kwa anaplastiki? Seli zisizonyonya iodini haziwezi kuuawa na iodini. Familia inayouza ngamia ili kumpeleka mzee Nairobi kwa ajili ya iodini inafaa iambiwe hivyo mapema, kabla ngamia hajafika sokoni.

Je, wajua kwamba hata kwa wale inaowafaa, iodini hiyo ina masharti magumu kwa mtu wa Kaskazini Mashariki? Mgonjwa hukaa peke yake siku chache baada ya dozi kubwa. Mama anayenyonyesha huacha kunyonyesha wiki kadhaa kabla, na hamnyonyeshi tena mtoto huyo. Mimba hucheleweshwa miezi 6 hadi 12. Na anayerudi kwao asikae saa nyingi kwenye basi akiwa bega kwa bega na mjamzito au mtoto. Kutoka Nairobi hadi Garissa ni kilomita zisizopungua 360, na hadi Mandera ni zaidi ya 1,000. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari kabla ya kutoka wodini ni hili: nitasafirije, na lini?

Je, wajua kwamba upungufu wa iodini huongeza marovu, na kwamba pale ambapo marovu yamejaa, folikula na anaplastiki huonekana zaidi kuliko kwingine? Chumvi ikitiwa iodini, aina hizo hupungua na papilari huchukua nafasi kubwa zaidi. Nchini Kenya chumvi ya mezani hutiwa iodini kwa mujibu wa sheria, na nyingi hutoka kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, kaunti ya Kilifi.

Lakini je, wajua kwamba kwa majirani zetu wa Somalia tatizo limekuwa kinyume? Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulipima mkojo wa wanawake na watoto nchini humo. Kiwango cha katikati kwa watoto kilikuwa maikrogramu 417 kwa lita, na kwa wanawake 329, ilhali kuanzia 300 huhesabiwa kuwa kimezidi. Chanzo hakikuwa chumvi. Ilikuwa maji, hasa ya visima virefu vya kuchimbwa kwa mashine. Wakimbizi wa Kisomali walioko Kenya nao walikutwa na iodini iliyozidi. Iodini nyingi mno huweza kuvuruga tezi, ikafanya kazi kidogo kuliko inavyotakiwa au kupita kiasi, na pia kuleta rovu. Haijathibitishwa kwamba maji hayo huleta saratani. Hata hivyo, anayekunywa maji ya kisima kirefu na shingo yake imevimba asijiongezee virutubisho vya iodini kwa kudhani kila rovu ni njaa ya iodini. Kwanza apimwe damu.

Je, wajua kwamba baada ya mtambo wa nyuklia wa Chernobyl kulipuka tarehe 26 Aprili 1986, zaidi ya visa 6,000 vya saratani ya thairoidi vilihesabiwa kufikia 2005 kwa waliokuwa watoto na vijana wakati ule? Wengi walikunywa maziwa ya ng'ombe waliokula majani yenye iodini ya mionzi. Wengi mno kati yao waliishi, kwa kuwa ilikuwa papilari na walitibiwa.

Je, wajua kwamba kupima kila shingo nako kuna hasara? Korea Kusini ilipoingiza ultrasaundi ya shingo katika uchunguzi wa kawaida, visa viliongezeka mara 15 kati ya 1993 na 2011, lakini vifo havikubadilika. Maelfu walipasuliwa kwa vinundu ambavyo visingewadhuru. Kwa hiyo sisemi watu wote wa Wajir wapange foleni ya ultrasaundi. Nasema yule ambaye shingo yake imebadilika asikae foleni.

Je, wajua vipimo vya kuomba? Ultrasaundi ya shingo, kisha sindano ya kuchukua seli, na ikishukiwa anaplastiki, sindano nene zaidi inayotoa kipande cha nyama. Kipande hicho hicho kinaweza kupakwa maabarani rangi maalumu inayoonyesha kama BRAF V600E imo, na jibu likapatikana kwa siku chache bila kusubiri uchunguzi kamili wa jeni unaochukua wiki. Mgonjwa wa anaplastiki hana wiki za kutoa. Jina la kipimo hicho ni fupi na rahisi kukariri: mwambie daktari, "BRAF imepimwa?"

Je, wajua kwa nini swali hilo lina uzito? Mwezi Mei 2018 Marekani iliidhinisha vidonge viwili vinavyotumiwa pamoja, dabrafenib na trametinib, kwa anaplastiki yenye V600E. Katika wagonjwa 36 waliofuatiliwa, uvimbe ulipungua kwa asilimia 56 yao. Huko Houston, hospitali ya MD Anderson ilichapisha mwaka 2020 habari za wagonjwa 479 waliotibiwa katika kipindi cha miaka 20. Waliotibiwa kabla ya 2014 waliishi miezi 8 hivi kwa makadirio ya katikati. Waliotibiwa kuanzia 2017 waliishi karibu miezi 16. Kundi dogo lililopewa vidonge kwanza, uvimbe ukanywea, kisha likapasuliwa, lilikuwa na asilimia 94 hai baada ya mwaka. Ugonjwa ambao vitabu viliufunga kwa sentensi moja sasa una mlango. Dawa hizo ni ghali kupita uwezo wa familia nyingi za kwetu, na hilo ni jambo la kudai katika bajeti za afya, si la kukubali tu.

Je, wajua kwamba kwa miongo kadhaa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ndiyo pekee ya umma nchini iliyotoa tiba ya mionzi? Leo Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Garissa ina kituo cha saratani cha kanda chenye mionzi na tibakemikali, sawa na Nakuru na Mombasa. Kwa anaplastiki, mionzi hutolewa siku tano kwa wiki kwa wiki 6 au 7, mara nyingi pamoja na tibakemikali. Maana yake ni kwamba mgonjwa wa El Wak au Mandera anahitaji pa kulala Garissa kwa mwezi mmoja na nusu, na mtu wa kumpikia chakula laini. Jamaa wa mjini wanaofungua nyumba zao kwa wagonjwa wanatibu pia.

Je, wajua kwamba hata umbali hubadilika na majira? Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na ya Aprili 2024 yalikata barabara ya Garissa karibu na Madogo, watu wakavushwa kwa boti. Mvua zikitabiriwa, rufaa ya kwenda Nairobi isiwekwe kesho.

Je, wajua kwamba si kila tiba hulenga kuponya? Mrija unaowekwa mbele ya shingo humwezesha mtu kupumua pale uvimbe unapoziba njia ya hewa, na mofini ya kunywa huondoa maumivu makali. Familia ina haki ya kujadiliana na daktari kuhusu mrija huo mapema, mgonjwa akiwa bado anaweza kusema anachotaka.

Je, wajua kwamba medula inaweza kurithiwa? Takriban robo ya wagonjwa wake wana jeni ya RET iliyobadilika tangu kuzaliwa, na kila mtoto wao ana nafasi moja kati ya mbili ya kuirithi. Mtoto aliyeirithi anaweza kuondolewa tezi kabla saratani haijaanza. Hapa mila ya Wasomali ina msaada mkubwa: kijana anayeweza kutaja mababu zake mmoja baada ya mwingine humpa daktari historia ambayo wengine hawana. Ila abtirsi, yaani orodha hiyo ya mababu, hufuata upande wa baba. Daktari anahitaji pia shangazi, bibi mzaa mama na mama wadogo.

Je, wajua kwamba aliyeondolewa tezi yote humeza kidonge cha levothairoksini kila siku maisha yake yote? Kimezwe kwa maji tu, tumbo likiwa tupu, kama nusu saa hadi saa moja kabla ya chakula. Chai ya maziwa, yawe ya ng'ombe au ya ngamia, hukizuia kisifyonzwe vizuri. Wengi Garissa huanza siku na chai hiyo, kisha hushangaa kwa nini damu haikai sawa. Katika Ramadhani wengi hukimeza usiku saa kadhaa baada ya futari, au mapema kabla ya daku. Panga na daktari wako Shaabani, usingoje mwezi uandame. Na vidole au midomo ikianza kuwasha na kufa ganzi siku za kwanza baada ya upasuaji, rudi hospitali: tezi nne ndogo zinazotunza kalsiamu, zilizo nyuma ya thairoidi, huenda zimeguswa.

Je, wajua kwamba SHA, bima ya afya ya taifa iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, ina kifurushi cha saratani chenye kikomo cha mwaka kwa kila familia? Asiye na ajira rasmi hulipa mchango wa mwaka mzima. Jisajili kabla ya kuugua.

Kwa hiyo, msomaji wa Garissa, Wajir, Mandera au Dadaab: kama sauti ya mzazi wako imekwaruza kwa zaidi ya wiki tatu, kama shingo yake imekua tangu mwezi jana, kama analala ameketi, mpeleke hospitali ya kaunti leo, na usiondoke bila tarehe ya sindano ya kuchukua seli.